Pale Gitaa Linaponyamaza

Kanamkemer, Lodwar
Jumatatu, 10 Machi 2025

Kwa Mama Godelieve,

Ejok, Mama. Natumaini barua hii itawakuta salama, wewe, Elie na mwanangu Natasha. Simu yako haipatikani tangu mwishoni mwa Februari, na Elie ananiambia ni shida ya chaji. Nimeona niandike, nimpe Wanjugu anayepeleka viazi na kabichi soko la Kakuma. Yule hata barabara ikiharibika hufika.

La kwanza ni la Natasha. Shule zinafunguliwa mwishoni mwa Aprili na nimempatia nafasi hapa karibu, ni kutembea tu. Chumba chake nimekipaka rangi ya kijani aliyoitaka, ingawa mwenye duka aliniuliza mara mbili kama ni ya chumba au ya lango la msikiti. Mlikubali kukaa naye hadi nimalize kurekodi, na kurekodi kumekwisha. Nitakuja kumchukua Jumamosi ya kabla ya kufungua shule.

La pili ni kazi yenyewe. Albamu imetoka. Safari hii si rock, Mama, si yale makelele ya bendi yetu uliyosema yanafukuza hata mbu. Nimepiga blues. Ni gitaa na mtu anayesema lililomkuta bila haraka, basi. Walioanzisha muziki huu ng'ambo ni watu ambao babu zao walitolewa kwao kwa nguvu, na wakati nikiutunga nilikufikiria wewe sana. Nyimbo zote ni za kumkumbuka marehemu Daniella wetu.

Hapa watu wamegawanyika. Ereng, mpiga ngoma wetu, hajanisalimia tangu aisikie, kwa sababu hakuna ngoma hata moja ndani yake. Vijana waliokuwa wakiturukia jukwaani wanasema nimezeeka kabla ya wakati. Mchungaji wetu amehubiri kwamba Mkristo hana ruhusa ya kukata tamaa, sembuse kuuza tamaa iliyokatwa. Baba yangu, unamjua Mzee Shadrack si mtu wa maneno, aliisikiliza yote akiwa kwenye kiti chake cha plastiki nje, kisha akasema, "Leo ndiyo nimesikia unachosema." Ameishi na muziki wangu tangu nikiwa shule.

Abei wa redio aliipiga mchana akawafungulia watu simu. Akapiga mzee mmoja, Erupe, kutoka Kaikor. Unajua mwanamume wa Kiturkana ana ng'ombe wake dume anayemwimbia maisha yote, na ng'ombe huyo akifa, mwenye ng'ombe huomboleza kama amefiwa na ndugu. Mzee akasema, "Huyu kijana ng'ombe yake ya kuimbia imekufa. Ulizeni yeye, ilikuwa ya rangi gani?" Abei alicheka hadi akaweka tangazo. Mimi nilizima redio nikaenda kutembea.

Nakutumia gauni la Natasha na majani ya chai. Mwambie Baba anakuja.

Mkwe wako,
Levis Ochola


Kakuma
14 Machi 2025

Shemeji Levis,

Nilikuficha, simu ya Mama chaji iko. Ameizima mwenyewe, kwa sababu yako.

Ilikuwa hivi. Mading, yule wa kibanda cha kuchaji simu na kuwekea watu nyimbo kwenye memori kadi, aliipata albamu siku ileile ilipotoka na akatoa spika nje. Mama alikuwa anatoka misa na Natasha. Mtoto akasimama akasema, "Bibi, ni Baba huyo." Wakasikiliza mpaka mwisho wamesimama juani. Mama akamshika mtoto mkono wakarudi. Alifika nyumbani, akavua viatu, akasema, "Amerudisha matanga." Tangu hapo hataki jina lako litajwe ndani.

Huku nako watu hawajakubaliana. Wazee wa Kongo wanaipenda, wanakuja kwa Mading na viti vyao. Vijana wanasema imelala, wanataka zile za kuruka. Mading mwenyewe anasema, "Hii ni ya mtu amekaa, chai iko, hakuna mtu anaita yeye." Sijui kama anasifu. Lakini wimbo wa tatu ulikuwa na kasoro, unakatika katikati, na wateja wakarudisha kadi wakidhani zimeharibika. Mading akakata pale pabovu akapaunganisha, na sasa unaenda vizuri tu. Alitaka nikuambie, ili na wewe urekebishe yako.

La muhimu ni hili. Mama amesema Natasha haji Lodwar. Si mwezi wa nne, si wa nane. Sikubishana naye, unamjua. Muandikie, usipige. Mambo ya msiba yeye hayazungumzi kwenye simu.

Shemeji yako,
Elie


Lodwar
17 Machi 2025

Mama,

Elie amenieleza kwa kifupi. Nimesoma na sijaelewa. Niliimba kwa sababu nilimpenda mwanao. Niambie nimekosa nini, nami nitaomba radhi. Lakini tafadhali usimguse mtoto kwa hilo. Ndiye aliyebaki.

Levis


Kakuma
24 Machi 2025

Baba Natasha,

Umeuliza umekosa nini. Nitakujibu kama nilivyowajibu wanafunzi wangu nyumbani Rumonge, kwa utaratibu, ingawa hasira ninayo.

Kwetu mtu akifa tunalia, na kulia kuna mwisho wake. Siku ikifika ukoo unakusanyika, tunasali, tunakunywa pamoja, na mzee anasimama kuwauliza wafiwa mmoja mmoja mbele ya watu kama wamemaliza. Ukisema umemaliza, umemaliza. Moyoni utakumbuka hadi kufa, hilo halikatazwi. Ila hurudi tena kulia hadharani, maana ukifanya hivyo ni kama unakiita kifo kije kuangalia kama kuna alichosahau. Hiyo ndiyo kuondoa matanga.

Novemba tulimwondolea Daniella. Mto Tarach ulikuwa umejaa na magari yamelala Lodwar. Hukufika, na sikukulaumu kwa mvua ya Mungu. Kaka yangu Onésphore ndiye aliyesimama. Alianza na mimi. Nikasema nimemaliza. Wewe hujui maneno hayo yalitokaje. Mimi sikumzika mwanangu, Levis. Karatasi ya ruhusa ya kutoka kambini ilinifikia mmekwisha kumfukia huko kwenu Ugenya. Hata konzi ya udongo sikumtupia. Bado nilisimama nikasema nimemaliza, kwa sababu Natasha alikuwa ameanza kucheza mazishi na wanasesere wake, na nikaona mtoto huyu hawezi kukulia katika nyumba ya kilio.

Onésphore akauliza, "Na mume?" Elie akasimama kwa niaba yako akajibu, "Amemaliza." Watu wakanywa, wakaenda kwao.

Kisha Februari natoka kanisani nakukuta unalia kwenye spika ya Mading, mbele ya wauza nyanya na waendesha boda. Wanawake kwenye foleni ya maji wananipa pole upya. Mmoja aliniuliza nimefiwa na nani tena.

Tena unalia nyimbo kumi na jina lake halimo. Wanasema tu, ni mwanamke gani huyo anayeliliwa? Kama uliamua kuvunja ahadi, ungeivunja kwa jina lake. Umemtoa mwanangu nje halafu ukamfunika uso.

Mtoto niliyemtoa kwenye msiba sitamrudisha kwenye msiba. Nyumba yako ina matanga. Akikaa humo ataanza tena kuzika wanasesere.

Gauni limemtosha. Anakusalimu.

Godelieve


Kanamkemer
31 Machi 2025

Mama yangu,

Nimesoma barua yako nje, na Baba akaniuliza kama kuna mtu amekufa. Nikamwambia hapana, ni yuleyule.

Sikuwahi kusema nimemaliza. Sikuulizwa. Siku ile niligeuzwa na maji, na baadaye Elie aliniambia kwamba kulikuwa na misa na chakula na watu wengi. Nikadhani ni kumbukumbu, kama zile za kuwasha mishumaa. Simlaumu Elie. Aliona kiti changu kitupu akakikalia, na angefanya nini? Lakini neno lile si langu. Mngengoja mto ushuke, Mama. Tarach haukai na maji muda mrefu, unajaa leo na keshokutwa watoto wanachimba mchanga.

Kwetu mambo yako kinyume. Mtu wetu akifa tunamwimbia, na anayezikwa kimya amedharauliwa. Siku tuliyompeleka Daniella Ugenya vijana walikimbia na ng'ombe na matawi, ngoma ikipigwa, kukifukuza kifo kitoke bomani. Mpiga nyatiti akaketi kwenye kigoda na ala yake ya nyuzi akamwimba kwa majina: lake, la baba yake, lako. Akaimba Rumonge pia, ingawa hajui kama ni mji au ni mto. Baba alikuwa amemfundisha asubuhi, wakilirudia jina hilo nyuma ya nyumba. Wamama wa kwetu ambao hawakuwahi kukuona walikutaja wakilia.

Wewe hukuyaona hayo, na mimi ndiye niliyepaswa kukusimulia. Sikukusimulia kwa sababu kuna kitu kibaya ndani yake. Watu waliningojea nami nipige. Mume ni mpiga gitaa, redio zote zinamjua, mkewe yuko kwenye jeneza, na gitaa liko kwenye gari. Sikulitoa. Nilisimama kama mgeni aliyepotea njia. Albamu hii ndiyo niliyotakiwa kupiga siku ile. Imechelewa, basi.

Na jina lake limo, Mama. Yaani mahali pake pamo. Katika wimbo wa tatu gitaa linanyamaza kabisa, halafu linarudi. Pale ndipo ninapotaka kulitaja. Nilijaribu hadi yule anayerekodi akatoka nje kuvuta sigara ili nisione uso wake. Sauti ilikataa. Akashauri tukate pale patupu tuunganishe, nikasema paache. Sasa Elie ananiandikia kwamba Mading amekwisha kukata pale na kupaunganisha kwa wema wake. Kwa hiyo ulichosikia barabarani ni wimbo ambao mwanao ametolewa ndani.

Nakutumia kadi yenye wimbo mzima. Sikiliza ukiwa umekaa, usisikilize ukiwa sokoni. Kisha ukitaka uitupe kisimani.

Kuhusu Natasha. Ningeweza kuja na chifu, na kuna marafiki wanaonishauri hivyo. Siji na chifu kwa mama wa mke wangu. Ila ujue, unaniambia nyumba hii ina kilio kwa hiyo mtoto asije, na mimi nakuambia asipokuja ndiyo haitaacha kuwa nacho. Ile kijani ukutani naifungia mlango nisiione.

Wanjugu ameisikiliza albamu njiani na utingo wake amemwomba aizime. Yeye anasema ataisikiliza peke yake.

Levis


Kakuma
11 Aprili 2025

Shemeji,

Mama aliipokea kadi akaiweka kwenye kopo la vifungo. Ikakaa humo. Kila akishona alikuwa anaisogeza pembeni kwa kidole. Juzi mchana, Natasha akiwa kwa majirani, akaniambia, "Leta simu yako."

Wimbo wa tatu ulipofika pale, akanyoosha mkono kuniambia simu imezima. Nikamwambia, ngoja. Mkono ukabaki vilevile juu. Sijawahi kuona kimya kirefu hivyo, na kumbe ni kifupi tu. Gitaa liliporudi akasema, "Rudisha." Nikarudisha. Akasema tena, rudisha. Nyimbo nyingine hakuzitaka siku hiyo.

Kisha alivaa kitenge akaenda kwa Mading, mimi nyuma. Pale kibandani kulikuwa na watu. Mama akamwambia, "Weye umekata mutoto yangu." Mading hakuelewa, akadhani ni mambo ya mtoto kugongwa, akatoka nje mbio. Tulipomweleza alikaa chini. Akasema, "Mama, mimi nilifikiria ni makosa. Kwetu hakuna mtu anaacha wimbo tupu." Ameurudisha kama ulivyokuwa. Wateja wanakuja tena kulalamika kadi ni mbovu, na anawaambia, "Ngoja tu, itarudi." Kuna wanaongoja.

Kuhusu lile jibu langu la Novemba. Mjomba Onésphore aliuliza na hakuna aliyejibu. Watu walikuwa wanaangalia chini, Mama alikuwa amejishika kwenye nguzo, Natasha amelala mapajani pangu. Nikasema umemaliza ili Mama akae. Ningeulizwa leo ningesema vilevile, Levis. Hukumwona.

Amezungumza na Mjomba faraghani na wametoka wote wamenuna. Atakuandikia.

Elie


Kakuma
14 Aprili 2025

Baba Natasha,

Nimesikiliza, sasa zote. Sauti yako haina utamu, hilo nililisema hata mkichumbiana na silirudishi nyuma. Wimbo wa saba ungeuacha nyumbani. Wa tatu nimeusikia.

Nilikuwa sijui habari za nyatiti, wala kwamba walinitaja. Nimeisoma sehemu hiyo ya barua yako na kuirudia, na Natasha ameniuliza kwa nini naisoma nikitabasamu huku nalia. Nikamwambia watu wazima ndivyo wanavyosoma.

Kaka yangu alikasirika nilipomweleza ninachotaka. Anasema tangu azaliwe hajaona mtu akiondolewa matanga mara mbili. Nikamwambia haya hayakuondolewa hata mara moja. Tulifua nguo na mwenyewe alikuwa bado ameivaa. Na mimi nilisema nimemaliza jambo ambalo sikuwahi kulianza, kwa sababu msiba unaanzia kaburini na mimi kaburi sijaliona.

Kwa hiyo njoo Jumamosi tarehe 26. Lete gitaa, na mlete Mzee Shadrack kama miguu inamruhusu. Utapiga kwenye kiwanja chetu kama mnavyopiga kwenu, na anayetaka kukimbia akimbie. Ng'ombe usilete, hatuna pa kumweka na majirani wataniuliza ni wa nani. Tutamlilia Daniella kama ndiyo kwanza amekufa. Kisha Onésphore atasimama na atauliza.

Safari hii utajibu kwa kinywa chako. Nisikilize vizuri. Usijibu kwa kunipendeza, wala usijibu kwa sababu ya mtoto. Jibu la uongo mbele ya ukoo nimekwisha kulitoa mimi, na ona limetufikisha wapi. Ukisema umemaliza, na ni kweli, utaondoka na Natasha siku hiyohiyo. Ukisema hujamaliza, tutakunywa vilevile, utaheshimiwa vilevile, na mtoto atabaki kwangu hadi siku utakayomaliza. Desturi sikuitunga mimi.

Godelieve


Lodwar
Ijumaa Kuu, 18 Aprili 2025

Mama,

Nitakuja. Baba naye anakuja. Ametoa suti yake ya ofisi ya maji kwenye sanduku na inanuka dawa ya nondo mtaa mzima. Ereng anakuja na ngoma. Leo ndiyo amenisalimia, na alichosema ni kwamba msiba usio na ngoma ni uzembe na ameniambia hivyo tangu mwanzo.

Swali la mjomba linanitisha. Nikisema nimemaliza nitakuwa nimedanganya mbele ya jina lake. Nikisema sijamaliza nitarudi nyumbani mikono mitupu, na kitanda cha mtoto nimekwisha kukitandika. Nimejaribu kumwuliza Baba angejibu nini. Akasema alipofiwa na mama yangu hakuna aliyemuuliza, na angeulizwa angemfukuza huyo mtu.

Kila asubuhi naamka na jibu tofauti. Siwezi kukuahidi lipi litatoka.

Yule mzee wa Kaikor amepiga simu redioni tena, akitaka kujibiwa. Safari hii sikuzima. Nimemtumia Abei ujumbe amwambie kwamba alikuwa mweusi wa kung'aa, mrefu, na alikuwa akitembea hageuki nyuma. Abei amesema hewani mzee alimjibu, "Basi ana haki." Katika yote yaliyosemwa juu ya albamu hii, na yamesemwa mengi, hilo nimelichukua.

Levis


Kakuma
5 Mei 2025

Mwanangu Levis,

Mliondoka haraka kuwahi gari na hatukuzungumza. Kuna mambo mawili nataka uyajue.

La kwanza, katika wimbo wa tatu ulifumba macho, kwa hiyo hukuona ni nani aliyeanza. Ni mimi. Sikuwa nimepanga. Gitaa liliponyamaza nilingoja ulitaje, nikaona hutaweza. Nikasema, "Daniella." Tangu Novemba nilikuwa sijalitamka hata peke yangu. Halafu Natasha akalisema kwa nguvu kuliko mimi, kama mtu anayemrekebisha mwanafunzi, na baada yake wakalisema wengine, hata wale wasiomjua. Mading alikuwa amesimama kwenye lango, na yeye alilisema. Ulipofungua macho ilikuwa imekwisha, na ukaendelea kupiga.

La pili ni swali. Onésphore alipokuuliza ukasema, "Sijamaliza. Leo ndiyo nimeanza," niliona ulivyomwangalia mtoto baada ya kusema hivyo, na ulivyoinamisha kichwa. Ulijua umemkosa. Ulikuwa na kila sababu ya kudanganya na hukudanganya.

Ndipo kaka yangu aliponigeukia mimi, akidhani nitafunga shauri. Watu wananiuliza hadi leo kwa nini nilimjibu vile. Onésphore mwenyewe hajanielewa na hanywi chai kwangu juma hili. Nilisema na mimi sijamaliza kwa sababu ni kweli. Nimemlilia mwanangu kwa sauti, mbele ya watu, kwa mara ya kwanza Jumamosi hiyo, huku Mzee Shadrack amenishika mkono na suti yake ya nondo. Nitakuwaje nimemaliza?

Basi hesabu ikawa rahisi. Nilikuwa nimemzuia mtoto asiingie nyumba ya kilio. Kumbe alikuwa anaishi katika nyumba ya kilio, yangu, na mimi ndiye niliyekuwa nimeufunga mlango nikasema humu hakuna kitu. Kama nyumba zote mbili zina matanga, mtoto na alale kwa baba yake.

Tutaondoa pamoja, mwakani au mwaka utakaofuata. Hakuna atakayemjibia mwenziwe. Na mto ukijaa, tutangoja.

Nyumbani sasa ni kimya. Nimeiweka kadi yako palepale kwenye kopo la vifungo. Niambie kama anazika wanasesere. Niambie ukweli.

Mama yako,
Godelieve


Kanamkemer
12 Mei 2025

Mama,

Wanasesere wamekaa dirishani, wote wazima. Ukuta wa kijani ameukubali. Shule anasema mwalimu anaongea sana.

Bado wapo wanaoniuliza nitarudi lini kwenye rock, na Ereng ndiye kiongozi wao. Nitarudi. Kuna wengine wananiomba nisirudi. Nimewaacha wabishane.

Jana nilikuwa nalifuta gitaa vumbi na Natasha alikuwa uani na Baba, anasuuza vikombe. Akawa anaimba wimbo wa tatu. Ameushika wote, hata yale maneno niliyoyatafuna. Alipofika pale gitaa linaponyamaza, yeye hakunyamaza. Alisema jina la mama yake, la kawaida tu, kama ni neno la wimbo, akaweka kikombe kwenye sinia, akaendelea na ubeti unaofuata.

Sikumrekebisha.

Levis